Kwa nini "Don't Stop Believin'" haizeeki

Ukiskia tu ile piano ya mwanzo, unajua ni ngoma gani. Journey, bendi ya San Francisco, waliiachilia 1981 na ikafika namba 9 kwa chati ya Billboard Hot 100. Jina lake lilitoka kwa simu. Jonathan Cain, mpiga kinanda, alikuwa amesota Los Angeles. Akapigia budake Chicago kumuuliza kama arudi nyumbani. Mzee akamwambia asiache kuamini. Cain akaandika kwa daftari, ikakaa hapo miaka.

Sasa cheki: korasi haiji mpaka dakika tatu zipite. Unangojeshwa, kama yeye. Ndio maana 2007 ilifunga The Sopranos, na 2009 Glee ikaipea vijana wapya. Umesota? Subiri korasi.