Dodoma: Mji Uliokuwa na Mabwana Wawili

Kila mwaka, nianzapo kufundisha mada ya serikali za mitaa, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: diwani wa Dodoma katika miaka ya tisini alikuwa na uwezo gani juu ya kiwanja cha mpiga kura wake? Wengi hunijibu kwa kukariri sheria za mwaka 1982. Jibu lenyewe ni fupi: karibu hakuwa nao kabisa.

Chanzo chake ni mambo mawili yaliyotokea karibu kwa pamoja. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda mikononi mwa watumishi wa serikali kuu. Halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa, za wilaya kwanza, kisha za miji. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, chini ya George Kahama. Chombo kikubwa cha kuujenga mji kikazaliwa katika kipindi kilekile ambacho vyombo vya wananchi vya kukihoji vilikuwa vikizikwa.

Siandiki haya kwa kuidharau CDA. Mpango kabambe wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada, una mawazo ambayo mpaka leo nayahusudu: mji uliofikiriwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu na abiria wa basi, si kwa mwenye gari peke yake. (Atakayevuka barabara zetu saa kumi na moja jioni atanielewa.) Kasoro haikuwa kwenye ramani. Aliyeichora na aliyeisimamia hawakuwa na mpiga kura wa kumjibu.

Halmashauri za miji zilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1978, baada ya huduma za mijini kuzorota na kipindupindu kuzuka. Zikafuata sheria za mwaka 1982, kisha ibara za 145 na 146 zikaingizwa katika Katiba. Hata hivyo Manispaa ya Dodoma ilirejea ikiwa na mkono mmoja. Ilizoa taka, ikaendesha shule na zahanati, ikatoza ushuru sokoni. Ardhi ikabaki CDA. Mwananchi wa Dodoma akapewa hati ya miaka 33, ilhali mwenzake wa mji mwingine aliweza kupata ya miaka 99. Mzee mmoja Mgogo, jirani yangu wa zamani, alihifadhi risiti zake katika makopo mawili, moja la manispaa, jingine la kodi ya ardhi. Aliniambia: "Mwanangu, wa kopo hili namjua kwa jina na nyumba yake. Wa lile namjua kwa mhuri tu."

Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA na shughuli zake zikahamishiwa manispaa. Watu walishangilia, nami nikiwamo. Ila mwanahistoria hana budi kutazama namna jambo linavyofanyika, si jambo peke yake. Mamlaka iliyoundwa kwa amri ya Rais ilivunjwa kwa amri ya Rais. Katika pande zote mbili madiwani walikuwa wapokeaji. Tena, katika mwaka wa fedha wa 2016/17, kodi ya majengo ilikuwa imehamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato. Tangu mwaka 2021 tunailipa kupitia LUKU. Kwa hiyo halmashauri ilirudishiwa ardhi ikiwa imekwisha kunyang'anywa ukusanyaji wa kodi ya kile kinachojengwa juu yake. Hadhi ya jiji ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018, lakini haikubadili hesabu hiyo. Migogoro ya viwanja nayo haikuisha kwa kubadilisha kibao mlangoni. Mafaili yalihama pamoja na makosa yaliyomo.

Rafiki zangu watumishi wa umma huniambia kwamba nadai mno, kwamba mji unaokua kwa kasi hii hauwezi kuendeshwa kwa mijadala ya madiwani. Hoja hiyo naijua. Ndiyo iliyozivunja halmashauri mwaka 1972, na miaka sita baadaye walioitoa walilazimika kuzirudisha.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: sasa bwana ni mmoja, ninamhoji wapi? Nilimwambia aende kwenye kikao cha baraza la madiwani, kwa kuwa kisheria kiko wazi kwa umma. Alirudi na ukurasa mmoja wa maandishi na swali ambalo sasa nimeliingiza katika mtihani: mkurugenzi ndiye katibu wa kikao, ndiye mtekelezaji wa maamuzi yake, na aliyemteua ni Rais, diwani akishindana naye, anayeweza kuondolewa kazini na baraza ni nani?