Fremu na fomu katika utengenezaji wa kurasa za wavuti

Fremu na fomu ni vipengele viwili vya HTML, lugha inayotumika kuandika kurasa za wavuti. Fremu hugawa dirisha la kivinjari ili kila kipande kionyeshe ukurasa wake. Fomu humpa mtumiaji nafasi ya kujaza maelezo na kuyatuma kwenye seva. Katika masomo ya kompyuta aghalabu hufundishwa kwa pamoja, ingawa majaliwa yao yamekuwa tofauti kabisa: fremu ya awali imekwisha kuondolewa, na fomu imekuwa njia ya raia kuifikia serikali yake. Zamani mkazi wa Mtongwe huko Mombasa, Kenya, upande wa Likoni unaotazamana na bandari ya Kilindini, alilazimika kuvuka kwa feri hadi kisiwani kuchukua karatasi ya kujaza. Siku hizi maombi ya pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha maadili mema huanzia kwenye fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, katika simu au katika saiba (duka la huduma za intaneti) iliyo karibu na nyumbani.

Fremu zilikuja na kivinjari cha Netscape Navigator 2.0, kilichotoka rasmi 1996, zikaingizwa katika HTML 4.0 mnamo Desemba 1997. Mtengenezaji aliandika faili moja ya «frameset» iliyotaja vipimo vya vipande, kisha kila kipande kikaita faili yake. Menyu ilikaa kushoto bila kupakiwa upya, kurasa zikabadilika kulia. Wakati intaneti ilipopitia waya wa simu na kulipiwa kwa dakika, akiba hiyo haikuwa ndogo. Kasoro zake, hata hivyo, zilikuwa nyingi. Anwani iliyo juu ya kivinjari haikubadilika mtu alipohama ukurasa, hivyo aliyehifadhi anwani ile alirudishwa mwanzo kila alipoifungua. Injini ya utafutaji ilimleta mtu kwenye kipande kimoja kisicho na menyu, akashindwa kujua yuko tovuti gani. Kebo ya intaneti ya chini ya bahari, TEAMS, ilipofika Mombasa Juni 2009, sababu ya kubana kila baiti ilizidi kupungua Kenya, na CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa, pamoja na programu za upande wa seva zilikwisha kutoa njia bora ya kurudia menyu. HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014, ilizitangaza «frameset» na «frame» kuwa zisizofaa kutumiwa tena.

Iliyosalia ni «iframe», dirisha dogo ndani ya ukurasa. Hutumika kuonyesha ramani, video na hasa kurasa za malipo. Pesapal, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa 2009, ilijulikana kwa watengenezaji wa tovuti kwa njia hiyo: duka huweka «iframe», mnunuzi akajaza namba ya kadi ndani yake, na namba ile ikaenda Pesapal bila kupitia seva ya duka. Hatari yake ni kwamba tapeli anaweza kuuweka ukurasa wa watu ndani ya fremu isiyoonekana juu ya ukurasa wake, mtumiaji akadhani anabofya kitufe hiki kumbe anabofya kingine. Hila hiyo ilielezwa 2008 na wataalamu wa usalama wa kompyuta Robert Hansen na Jeremiah Grossman. Kinga yake ni agizo la seva, «X-Frame-Options» au «frame-ancestors», linalotaja nani anaruhusiwa kuuweka ukurasa ndani ya fremu.

Fomu ni kongwe kidogo kuliko fremu, nayo imo katika HTML 2.0 ya Novemba 1995. Tagi ya «form» hutaja mambo mawili: maelezo yaende wapi na yaende kwa njia gani. Kila kisanduku cha «input» hupewa jina, na kivinjari huunganisha jina na kilichojazwa. Kwa njia ya GET, maelezo hubandikwa kwenye anwani yenyewe, mfano «jina=Halima&kata=Mtongwe». Hilo linafaa kwa utafutaji. Kwa namba ya kitambulisho ni kosa kubwa, kwa kuwa anwani hubaki katika historia ya kivinjari, na katika saiba kiti hakipoi: mteja anayefuata akifungua historia ataiona. Maelezo ya mtu hutumwa kwa njia ya POST, isiyoyabandika kwenye anwani, juu ya HTTPS, muunganisho uliosimbwa.

Ubora wa fomu hupimwa kwa anayeijaza. Kisanduku cha aina ya «tel» huleta kibodi ya namba kwenye simu. Tagi ya «label» iliyofungamanishwa na kisanduku humwezesha mtu kugusa neno lenyewe akaanza kuandika, na humsaidia asiyeona, maana programu ya kumsomea skrini hutaja kisanduku kinachotakiwa. Masharti ya kukubali maelezo yanahitaji uangalifu zaidi. Fomu iliyoandikwa ikubali namba za simu zinazoanza na 07 pekee huwakataa wenye namba halali za 01, zilizoanza kutolewa Kenya 2019. Kisanduku cha lazima cha jina la ukoo humtatiza Mswahili wa pwani ambaye jina lake ni lake mwenyewe, la baba na la babu, na pengine «binti» katikati. Akilazimishwa, huweka jina la babu hapa na la baba kwingine, na hati zake zikaanza kutofautiana. Kisanduku kimoja cha jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho, kinatosha.

Ukaguzi unaofanywa na kivinjari ni msaada kwa mjazaji tu. Yeyote anaweza kuukwepa. Seva lazima ikague upya kila kilicholetwa, na likipatikana kosa irudishe fomu ikiwa na yote yaliyokwisha kujazwa, kosa likielezwa kando ya kisanduku chake. Anayelipia dakika za saiba asianzishwe upya kwa herufi moja.