Kutoka tandiko la farasi hadi gari la deraya: historia ya 11th Hussars

Mwaka 1928 jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wa kikosi cha 11th Hussars waachane na farasi, wajifunze magari ya deraya ya Rolls-Royce. Wao na wenzao wa 12th Lancers ndio waliotangulia. Amri hiyo ilikuwa chungu. Kikosi kilianzishwa mwaka 1715, na tarehe 25 Oktoba 1854 kilikuwamo katika shambulio la Balaklava, huko Crimea, wapanda farasi zaidi ya 600 walipotimka bondeni kuikabili mizinga ya Warusi kwa sababu ya amri iliyoeleweka vibaya. Hata hivyo, Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshamaliza ubishi: mbele ya bombomu na seng'enge, mpanda farasi hana pa kujificha.

Balaklava ndiyo husimuliwa sana. Mimi naona sifa kubwa zaidi ya kikosi hiki ilipatikana Libya, Februari 1941. Tangu enzi za farasi, kazi yao ilikuwa kutangulia, kumwona adui mapema na kuleta habari. Gari na redio viliwaongezea kasi tu.

Jeshi la 10 la Italia lilikuwa likirudi nyuma kutoka Benghazi kwa barabara ya pwani. Luteni Kanali John Combe, kamanda wa 11th Hussars, alipewa watu wapatao 2,000, wakiwa na magari ya deraya, askari wa miguu na mizinga michache. Wakakata jangwa kupitia Msus ili waiwahi barabara. Mchana wa tarehe 5 walifika kusini ya Beda Fomm na kuifunga barabara hiyo. Haikupita saa moja, msafara wa Waitalia ukatokea kutoka kaskazini. Watu wa Combe hawakubanduka, na vifaru vya Uingereza vikaja kuupiga msafara ubavuni. Asubuhi ya tarehe 7 Waitalia walisalimu amri; waliotekwa walizidi 20,000. Ushindi huo ulianza kwa kuwahi tu.

Combe mwenyewe alitekwa na Wajerumani Aprili iliyofuata. Kikosi kilisonga mbele bila yeye, na tarehe 7 Mei 1943 magari yake yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuingia Tunis.

Mwaka 1969 kiliunganishwa na 10th Royal Hussars. Muungano mwingine wa mwaka 1992 ulizaa King's Royal Hussars, kikosi cha vifaru ambacho askari wake bado huvaa suruali za rangi ya damu ya mzee, urithi wa 11th Hussars tangu 1840.