Kutoka Virginia hadi Maporomoko ya Stanley: Ni Nani Aliyemaliza Utumwa?

Wengi wetu tuliosoma sekondari hapa Anderlecht tunaujua utumwa wa Marekani kuliko utumwa wa Maniema. Tulifundishwa kwamba Waafrika wa kwanza walishushwa Virginia mwaka 1619, kwamba wenyeji wa bara lile walipoteza ardhi yao mkataba baada ya mkataba, na kwamba mwaka 1865 Katiba ilirekebishwa ili kupiga marufuku utumwa. Kuhusu Kongo tulisikia sentensi moja tu: Wabelgiji walikwenda kuwakomboa watu kutoka mikononi mwa Waarabu. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Bukavu, Uvira na Kindu, na ambao tunasikia Kiswahili kila wikendi katika soko la machinjioni pale Cureghem, tumeona ni vizuri kuichunguza sentensi hiyo. Tutafanya hivyo kwa kumfuata mtu mmoja aliyezijua historia zote mbili.

George Washington Williams alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa na miaka 14 tu alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vilivyovunja utumwa. Baadaye akawa mchungaji, mwanasheria, mbunge wa jimbo la Ohio, na mwandishi wa historia kubwa ya Wamarekani Weusi iliyoanza kutoka mwaka 1882. Alijua kwamba uhuru wa kwenye karatasi una mianya. Marekebisho yale ya 1865 yenyewe yaliruhusu kazi ya lazima kama adhabu ya kosa, na majimbo ya Kusini yaliutumia mwanya huo kuwarudisha watu Weusi mashambani wakiwa wafungwa.

Mwaka 1889 Williams alifika Brussels akahojiana na Mfalme Leopold II. Alivutiwa naye. Alitumaini kwamba Wamarekani Weusi wangepata kazi na heshima Kongo. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Leopold alikaribisha mkutano wa mataifa wa kupinga biashara ya watumwa. Mkataba wake ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Pamoja na hayo, Leopold aliruhusiwa kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Kongo, jambo ambalo hapo awali lilikatazwa. Kwa hiyo kupinga utumwa kulimletea pia mapato.

Wakati huo Williams alikuwa tayari Kongo, akipanda mto kuelekea Maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani ya leo. Huko Wagenya walikuwa wakivua samaki kwa mitego yao mikubwa kwenye maji yaendayo kasi. Kusini zaidi, msituni, Warega waliishi bila mfalme. Heshima na uongozi vilipatikana kwa kupanda ngazi za chama chao cha bwami. Jamii hizi hazikuwa zikingoja mtu wa kuja kuzifundisha kuishi.

Lakini hawakuwa salama, na hapa hatuwezi kuwalaumu Wazungu peke yao. Misafara kutoka Zanzibar, kupitia Tabora na Ujiji, ilikuwa imefika Nyangwe kutafuta pembe za ndovu, ikachukua na watu. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakifyatua bunduki katika soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wanawake. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote, Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Na huyohuyo Tippu Tip, mwaka 1887, Leopold alimteua kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkombozi alikuwa amemwajiri yule aliyesema anawakomboa watu kutoka kwake.

Tarehe 18 Julai 1890, siku 16 baada ya mkataba wa Brussels, Williams alimwandikia Leopold barua ya wazi akiwa palepale kwenye Maporomoko. Alieleza jinsi machifu walivyodanganywa ili watoe ardhi: Mzungu alificha betri ndani ya koti, na chifu alipompa mkono alipigwa na umeme akadhani ana nguvu zisizo za kawaida. Alieleza pia kwamba serikali ya Leopold yenyewe ilinunua watumwa kwa pauni 3 kila mmoja ili wawe askari. Mikataba ya hila na uhuru wa karatasi: Mmarekani huyu alikuwa ameyaona yote mawili kwao.

Watetezi wa mfalme walimshambulia magazetini, na mwaka 1891 Williams alifariki Uingereza, akiwa na miaka 41. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold liliwashinda wafanyabiashara wa mashariki. Nyangwe na Kasongo zikaanguka. Waliopigana pande zote mbili walikuwa hasa Waafrika. Baada ya ushindi ikaja kodi ya mpira: wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa. Mwaka 1908 Ubelgiji ililichukua koloni, lakini kazi za lazima ziliendelea.

Ukipanda metro namba 5 kutoka Saint-Guidon ukashuka Merode, utafika bustani ya Cinquantenaire. Humo mna mnara wa mwaka 1921 unaosifu jeshi la Ubelgiji kwa kuwaangamiza Waarabu wauza watumwa. Ni kweli kwamba biashara ile ilivunjwa. Ila mnara hautaji mateka wa mpira, wala mshahara wa Tippu Tip.

Nasi wanachama wa chama cha Kiswahili tuna la kutazama kwetu. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Muungwana zamani hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu asiye mtumwa. Watu wa misafara walijiita waungwana, hata wale ambao wenyewe walikuwa na mabwana. Lugha tunayoipenda ilisafiri katika njia zilezile walizopita watu waliofungwa minyororo, kisha wajukuu wa wote, walioteka na waliotekwa, wakaifanya yao. Tukiyanyamazia hayo, tutakuwa tumejenga mnara wetu wenyewe.

Tunapendekeza chama chetu kiisome barua ya Williams muhula ujao na kuitafsiri kwa Kiswahili, ili bibi na babu zetu hapa Anderlecht nao waisome na watuambie wao walisimuliwa nini.