Laki Moja ya Mwaka 1971

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria iliyoiwezesha serikali kutwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi laki moja na kuendelea. Nyumba iliyokwisha kutimiza miaka 10 haikuwa na fidia. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wapangaji wao wakaanza kumlipa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi yake ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Hapa Tanga sheria hiyo unaiona kwa macho. Upande wa bandarini kuna maghorofa ya zamani yenye roshani, chokaa imebanduka. Vuka reli uingie Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, na nyumba zinakuwa za chini. Nyingi hazikukaribia laki moja, kwa hiyo zikabaki kwa wenyewe. Umaskini wa ukuta ndio uliowaokoa.

Mimi ni mpangaji Ngamiani. Nyumba yetu ni ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, choo na kamba za nguo. Watu husema ni nyumba ya familia iliyogeuzwa ya wapangaji kwa sababu ya njaa. Sikubaliani nao. Kila chumba kinafungukia ukumbini na kina kufuli lake. Mgeni anaweza kuishi humo miaka bila kupita kitandani kwa mtu. Na wageni walikuja. Mkonge uliletwa 1893, mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza hapa Tanga, na kufikia 1911 ilikuwa Moshi. Manamba waliwekwa kambini mashambani, lakini mchukuzi wa bandarini na karani wa reli walihitaji chumba mjini. Mwenye nyumba aliwapa, naye akabaki na chake.

Wetu bado yuko chumba cha kwanza. Tunamwita Bibi. Nikichelewa, yeye ndiye anayefungua komeo, na kesho yake uani kila mtu anajua nilirudi saa ngapi. (Faragha ndiyo kodi ya pili ya mji mdogo.) Lakini Bibi anapokea kodi mwezi kwa mwezi. Kwingine dalali atakudai kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha tu mlango, kisha mwenye nyumba adai miezi sita mkupuo.

Zamani kulikuwa na ngao. Sheria ya 1984 ilidhibiti kodi na kuweka mabaraza ya kusikiliza mpangaji aliyeonewa. Ilifutwa 2005, mwaka uleule Tanga ilipopandishwa hadhi kuwa jiji. Yaani sisi wa vyumba sita tulipata jiji tukapoteza baraza. Kilichobaki ni mkataba, na mimi na Bibi hatujawahi kuandikiana chochote.

Wanawe wako Dar es Salaam. Wanataka ukuta wa mbele ubomolewe, ziwekwe frem za maduka. Juzi kijana alikuja na futi ya chuma, akaipima baraza yote, akaandika kwenye simu. Bibi alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akamuuliza katika hizo frem yeye atalala ya ngapi.