Kabla ya kumcheka mwanafunzi, tuikumbuke historia ya ‘give up’

NILIPOKUWA kidato cha kwanza, miaka ya sabini, mwalimu wa Kiingereza aliniuliza daftari langu la zoezi lilikuwa wapi. Nilikuwa nimelikabidhi siku iliyotangulia. Basi nikasimama, nikajibu kwa ujasiri: ‘I gave up the homework yesterday.’ Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe nilikuwa nimekiri kwamba zoezi lilinishinda nikakata tamaa! Nilipaswa kusema ‘handed in’. Muhula huo wote sikuinua mkono tena katika somo hilo.

Vitenzi vya aina hii, ambapo kitenzi cha kawaida kama ‘give’, ‘put’ au ‘take’ huandamana na chembe kama ‘up’, ‘in’ au ‘off’ na kuzaa maana mpya, bado vinawatoa jasho wanafunzi wetu. Katika KCSE hutahiniwa. Darasani hukaririwa kama bei za bidhaa sokoni. Ni nadra mwanafunzi kuelezwa vilitoka wapi.

Ikumbukwe kwamba Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka wa 1066, mara nyingi kilitanguliza chembe na kuiambatisha kwenye kitenzi. Masalio yake ni vitenzi kama ‘overcome’, ‘understand’ na ‘withstand’. Katika hiki cha mwisho, ‘with’ imehifadhi maana yake kongwe ya ‘dhidi ya’, wala si ‘pamoja na’.

Mambo mawili yalisaidia kuubadilisha mfumo huo. Kwanza, kuanzia karne ya tisa, Waskandinavia walihamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao, Kinorse, iliweka chembe baada ya kitenzi, na tayari ilikuwa na ‘gefa upp’. Wanaisimu wangali wanabishana kuhusu uzito wa athari hiyo, kwa maana mpangilio wa maneno katika Kiingereza chenyewe ulikuwa ukibadilika. Pili, baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka wa 1066, vitenzi vya Kifaransa kama ‘surrender’ na ‘abandon’ viliingia na hatimaye vikakalia viti vya mbele katika lugha rasmi. Vile vya chembe vikabaki kustawi vinywani mwa watu.

Miaka mingi baada ya kicheko kile, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisoma kumbukumbu za watawa wa Peterborough. Chini ya mwaka wa 1137, mtawa aliyeandika mnamo 1154 hivi anasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyomkamata Roger, askofu wa Salisbury, pamoja na jamaa zake, akawafunga gerezani hadi waka-‘give up’ ngome zao. Huo ni miongoni mwa mifano ya mapema zaidi ya kitenzi hicho katika maandishi ya Kiingereza. Maana yake? Kukabidhi! Nilicheka peke yangu maktabani. Sikuwa nimebuni upuuzi. Nilikuwa nimeifuata maana ya msingi ya kitenzi chenyewe, ila nikaipeleka mahali ambapo mazoea ya leo hayairuhusu.

Hata wenye lugha walitambua ugumu huu mapema. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alieleza kwamba alivishughulikia vitenzi hivi kwa makini kwa sababu ndivyo vinavyowatatiza zaidi wageni. Jina lenyewe vinaloitwa leo kwa Kiingereza lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha 1925, naye akasema amelipata kwa mwanaleksikografia Henry Bradley.

Hebu tujitazame nasi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hukutana na kata tamaa, kata shauri, kata rufaa, kata kiu na kata roho. Kisu kiko wapi? Aidha, tunasema ‘potelea mbali’ na ‘akafia mbali’. Aliyefia mbali huenda amefia mlangoni pake. ‘Mbali’ hapa haipimi masafa, inaonyesha kwamba jambo limekamilika. Ndivyo ilivyo ‘up’ katika ‘eat up’ na ‘use up’. Ilianza ikionyesha mwelekeo wa juu, ikaishia kuonyesha ukamilifu. Mwanafunzi anayeijua ‘mbali’ yake ana ufunguo wa ‘up’ ya Mwingereza, ila hakuna anayemwambia kwamba ufunguo huo uko mfukoni mwake.

Sisemi makosa yasisahihishwe. Anayekabidhi daftari leo na afundishwe ‘hand in’, maana mtahini hatamwuliza habari za karne ya 12. Ninachopinga ni kicheko. Kosa la mwanafunzi mara nyingi ni dalili kwamba anafikiri, anaunganisha ‘give’ anayoijua na ‘up’ anayoijua. Mwalimu akiuliza ‘Umefikaje hapo?’ kabla ya kusahihisha, ataokoa zaidi ya alama moja. Ataokoa mkono ambao ungeteremka usiinuke tena.