Tushuke Tura Kwanza

Sisi watu wa mjini hatuna mazoea ya kusafiri kwenda kutazama tu. Tunasafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa mgonjwa, au kwa shamba la urithi linalogombewa. Anayepanda basi kwenda mahali asipo na shughuli, eti akaone nyumba ya zamani, huyo mtaani anaitwa mtalii, na mtalii kwetu ni mzungu mwenye kaptula na kamera shingoni. Ndiyo maana baba alipotangaza kwamba Desemba hii familia nzima itakwenda Tabora kupumzika na kuona historia, mdogo wangu aliuliza swali moja tu: "Kwani nani kafa?"

Kazi ya kupanga safari nikatupiwa mimi. Nimemaliza kidato cha nne, kazi ya maana sina, na riwaya ninayoiandika haijafika sura ya tano. Hoja ya baba ikawa fupi: "Wewe si ndiye mwandishi humu ndani? Basi andika ratiba." Nimeandika. Lakini ratiba, ndugu msomaji, si karatasi ya saa na nauli peke yake. Ukichagua pa kusimama, umekwisha chagua na wa kumkumbuka.

Orodha ya kawaida ya Tabora ni hii. Siku ya kwanza unakwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone. Siku ya pili unaona boma la Wajerumani na Shule ya Wavulana ya Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937. Ukibaki na muda unasimuliwa mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule wa uamuzi wa busara, ambapo chama kilikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu. Halafu unanunua asali, unarudi Dar. Sina ugomvi na orodha hiyo. Nimeiacha yote ndani ya ratiba, na asali nimeipigia mstari.

Ila hebu tuitazame hiyo nyumba ya Kwihara vizuri. Livingstone na Stanley walifika pale Februari 1872 wakitoka Ujiji. Mwezi Machi Stanley akashuka pwani. Livingstone akabaki, na hakuondoka mpaka Agosti. Miezi zaidi ya mitano alikuwa akifanya nini? Alikuwa akisubiri wapagazi. Vitambaa alikuwa navyo, shanga alikuwa nazo, dawa alikuwa nazo, ila mabega ya kubebea hakuwa nayo. Stanley alipomletea watu hamsini na kitu kutoka pwani, ndipo mzee akainua mguu. Na alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao waliibeba maiti yake, wakapita nayo Unyanyembe, wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874. Kwa hiyo hata nyumba hiyo ya mzungu, ukiichunguza, inakupeleka kwa wabebaji. Majina yao mengi hatuyakuti kwenye orodha ya mambo ya kutazama.

Hapo ndipo nilipoandika jina ambalo nyumbani hakuna aliyelitegemea: Tura. Baba akavua miwani. "Tura kuna nini?"

Tura iko mashariki ya mji wa Tabora, katika wilaya ya Uyui, na reli ya kati inapita huko. Wengi tumeipita usiku ndani ya treni, tumelala, midomo wazi. Lakini karne ya 19 hakuna aliyeipita amelala. Msafara uliotoka pwani ulipanda milima ya Usagara, ukavuka Ugogo ambako watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu watu kuchota maji, halafu ukaingia Mgunda Mkali. Jina linajieleza. Ni pori la vichaka na miiba kati ya Ugogo na Unyamwezi, visima viko mbalimbali, na chakula hakuna wa kukuuzia. Huko ndiko watu walikopiga tirikeza: mnapika na kunywa kwenye kisima mchana, mnajaza vibuyu, mnaondoka jua likishageuka, mnalala njiani bila maji, alfajiri mnasukuma tena hadi kisima cha mbele. Aliyeugua hapo alibaki hapo. Kijiji cha kwanza cha Unyamwezi mwisho wa pori hilo ndicho Tura.

Richard Burton, aliyepita mwaka 1857 pamoja na Speke, alieleza kwamba maana ya jina hilo ni "tua", yaani tua mzigo wako. Sababu aliyoitoa ni kuwa msafiri, awe anatoka mashariki au magharibi, hana ujanja, lazima akae hapo siku kadhaa. Sababu yenyewe haihitaji mwalimu. Anayekwenda pwani anatafuta nafaka ya kuvukia pori, na anayetoka pwani ana njaa kwa kuwa pori limemmaliza. Msafara wa Burton uliondoka pwani mwezi Juni ukafika Kaze, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Sisi tutatumia siku mbili na tutalalamika kwamba kiti kinaumiza mgongo.

Sasa tuwatazame waliotua. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, amejipamba kwa manyoya na ngozi, na bendera nyekundu ikipepea. Barugumu ikalia, ngoma ikajibu. Posho ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, na ujira ulilipwa kwa nguo. Hawa hawakuwa watumwa. Wengi walikuwa vijana wa Kinyamwezi walioondoka kwao kwa hiari kutafuta mali, na kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa na wenzake. Walijua bei ya mabega yao. Tajiri akiwapunja posho au akiwaongezea mzigo, waliweka mizigo chini wakagoma, au asubuhi alikuta kambi nusu tupu. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2006, kuonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, kanuni na heshima yao, si wanyama wa mizigo.

Baba aliposikia hayo alichangamka. Yeye ni Mnyamwezi, na habari ya babu wa babu yake aliyekwenda pwani kwa miguu akarudi na nguo za kuolea mke, sisi tumeisikia kwenye kila harusi. "Sawa," akasema, "Tura ibaki. Tena watoto wapige picha."

Lakini Bibi, mama yake mama, hakuchangamka. Bibi ni Mmanyema wa Kariakoo, amezaliwa Dar na amezeekea Dar. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Njia hiyo, mjukuu wangu, wazee wangu walishaipita. Mimi niende kufuata nini tena?"

Hakusema zaidi, na sikumsukuma. Anayejua historia ya mji huu anaelewa. Manyema iko mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baadhi ya watu wake walishuka pwani wakiwa wapagazi na wafuasi wa matajiri wa pembe, na wengine wengi walishuka wamefungwa. Mateka aliyetekwa huko alivushwa ziwa hadi Ujiji, akapitishwa Tabora, akaingizwa Mgunda Mkali upande huu wa Tura. Mara nyingi na yeye alibebeshwa: pembe begani, mnyororo shingoni. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, lakini biashara haikufa siku ile. Kwa sheria, utumwa Tanganyika ulikomeshwa mwaka 1922 chini ya Waingereza. Hiyo si hadithi ya kale ya hapo zamani palikuwa na. Bibi aliwakuta hai watu waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Walikula naye sahani moja.

Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu njia ile ile ina hadithi mbili. Upande wa baba inasimuliwa harusini, na upande wa mama inanyamaziwa. Hata jina la Bagamoyo watu huligombea hivyo hivyo. Wengine husema ni bwaga moyo ya mateka, anauacha moyo wake bara kabla ya kuingizwa jahazini. Wengine husema ni bwaga moyo ya mpagazi, kazi imekwisha, autulize moyo apumzike. Nimesikia watu wakibishana ipi ndiyo kweli. Mimi naona njia iliyobeba watu wote wawili hainiruhusu kumchagua mmoja na kumsahau wa pili. Na Tura, ambako neno lenyewe ni tua, nani aliyekuwa na ruhusa ya kutua? Yule wa baba alitua akaagiza pombe ya mtama. Yule wa Bibi alitua alipoambiwa, akainuka alipoambiwa.

Kwa wapwa zangu nimeongeza siku moja ya vita, maana watoto bila vita hawasikilizi. Watajifunza kwamba njia hii iligombewa kwa sababu aliyeishika alishika ushuru, pembe na baruti. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga. Waarabu wa Tabora wakamwendea na Stanley akiwa upande wao, wakapigwa, na Agosti mwaka huo Mirambo akaichoma sehemu ya Tabora. Ndiyo maana Stanley alizunguka kusini kwenda Ujiji. Baadaye Wajerumani walitaka kila kitu wao. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwakatalia, na Januari 1893 Tom von Prince alipoivunja ngome yake, Isike alilipua baruti akiwa ndani ili asikamatwe mzima. Jina la Livingstone wanalo kwenye vitabu vya shule. Nataka na la Isike walisikie wakiwa wamesimama kwenye udongo wake.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Behewa moja lilibeba kuliko msafara mzima, na kazi ya mpagazi ikadorora. Mzigo wenyewe haukwisha. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, watu wetu walikamatwa kwa maelfu kubebea majeshi risasi na unga, safari hii bila kirangozi wala fahari, na wengi walikufa kwa maradhi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kambi ya kikosi chao cha wabebaji, Carrier Corps, iliwekwa pale ambapo sasa tunanunua viatu na nyanya. Ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina likawa Kariakoo. Nilipomsomea Bibi sehemu hiyo aliniangalia muda mrefu. Amekaa miaka yake yote themanini na kitu ndani ya jina la wapagazi.

Jioni ile akauliza, kana kwamba anauliza bei ya mkaa, kama basi linaweza kusimama Tura. Nikamwambia linaweza. Akasema mimi mniandike, ila hiyo Kwihara yenu nendeni nyie.

Ninyi mnaoandika kama mimi, ambao mna daftari chini ya godoro, nawaambieni: Burton aliandika vitabu vinene juu ya njia hii. Tippu Tip, ambaye baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Wasafiri wengine wa Kiswahili walisimulia safari zao zikachapwa Ujerumani mwaka 1901. Lakini Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi, akawaongoza Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron, habari zake tumezipata kupitia kalamu za mabwana wake. Serikali yetu imeiorodhesha njia hii UNESCO tangu 2006 ikitegemea kupewa hadhi ya urithi wa dunia, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tura haimo. Msisubiri iwemo ndipo muandike.

Ratiba yangu basi inasomeka hivi. Siku ya kwanza, treni ya umeme, iliyoanza kazi 2024, Dar hadi Dodoma. Tulale hapo. Siku ya pili, basi la Tabora kwa njia ya Manyoni na Itigi. Kuanzia Itigi watoto wasilale. Wafungue madirisha waone Mgunda Mkali. Tushuke Tura na mizigo yetu yote. Tununue chakula kwa wenyeji, tukae chini, tule. Baba asimulie ya kwake. Bibi akitaka asimulie, asipotaka asisimulie, na asiulizwe. Picha baadaye. Kisha ndipo Tabora.